Kinasa Kilichobeba Risasi

Mtoto wa tatu alizaliwa Jumatatu saa nne asubuhi, na kama wale wawili waliomtangulia, hakulia. Alipumua, akafumbua macho, akautazama mwanga wa dirishani kama mzee aliyechoka. Lakini miguu ilikuwa imelegea, na hata mkunga alipompiga nyayo hakuikunja. Mkunga alichota damu ya kitovu kwenye kichupa, akakizungushia barafu, akavuka uwanja mwenyewe hadi maabara ya Kinasa, kwa Nyamizi Mayunga.

"Hii nimeileta kwa mkono wangu," alisema. "Sikutaka ipotee njiani kama zile mbili."

"Zile hazikupotea. Ziliharibika kwa joto."

"Basi hii bado ni baridi. Pima."

Nyamizi alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na kumi na miwili kati ya hiyo aliitumia katika chumba kile, akipima jambo moja tu: kama Kinasa kilikuwa kinafanya kazi yake. Katika mji wa Nyamtondo hapakuwa na nyumba isiyokijua. Kwa miaka sitini watu wa pale walinasa dhahabu kwa zebaki na kuichoma kwenye vikaango wazi, na moshi ukaingia udongoni, ziwani, na mwishowe vichwani. Mikono ikatetemeka. Watu wakasahau majina ya watoto wao. Ndipo kikaja Kinasa, ambacho kila mkazi alichomwa kila siku, kama wengine wanavyokunywa chai.

Kilikuwa peptidi, yaani kipande kifupi cha protini: uzi wa shanga kumi na mbili, kila shanga asidi amino moja. Ndani ya damu uzi huo haukuwa na umbo. Ulielea ukiwa umelegea. Ulipokutana na zebaki, shanga mbili zenye salfa ziliishika kutoka pande mbili zilizoelekeana, kama watu wawili walioshika machela, na uzi uliobaki ukajikunja juu yake kama ngumi. Figo zililitambua umbo hilo la ngumi na kulitoa nje. Mambo yote yalitegemea umbo. Uzi ule ule usio na zebaki figo hazikuwa na habari nao.

Nyamizi alidondosha damu kwenye mashine ya mwanga. Uzi uliolegea huchora mstari wa kulala. Wenye zebaki huchora nundu moja. Katika damu ya kitovu haikutakiwa kuonekana mstari wala nundu, kwa maana Kinasa hakikuweza kulivuka kondo la nyuma. Asubuhi ile mashine ilichora nundu mbili, umbo ambalo hakuwahi kuliona.

Alirudia mara tatu. Nundu zikabaki mbili. Akaipeleka damu kwenye kipima metali, akasubiri dakika kumi na moja amesimama.

Risasi. Ile metali laini, ya kijivu, ya kwenye betri za magari.

Alikaa. Alianza kuuchora uzi kwenye karatasi, kama alivyofundishwa zamani, na jibu likaja lenyewe. Uzi ulikuwa na shanga tatu za salfa. Mbili zilitosha kwa zebaki. Ya tatu waundaji waliiacha iwe akiba, ili moja ikiteleza nyingine idake. Lakini risasi haishikwi na mbili. Risasi hukaa juu ya tatu, kama chungu juu ya mafiga. Na uzi ukivutwa kutoka pande tatu haujikunji ngumi, hufunguka kama kiganja. Figo haziutambui, zinauacha upite. Kondo la nyuma nalo linaudhania ni riziki ya mtoto, linaufungulia mlango.

Dawa ya mama ilikuwa imegeuka mchukuzi. Ilikuwa ikiokota risasi kwenye damu yake na kuipeleka moja kwa moja kwa mtoto.

Ila risasi ilitoka wapi? Fomu za wale mama watatu zilikuwa mezani. Chakula: ugali, dagaa, mchicha. Kinywaji: maji ya bomba, uji. Dawa: hakuna. Tumbaku: hakuna. Maji ya bomba aliyapima mwenyewe kila Ijumaa.

*

"Wifi, unanichoma au unanikodolea macho?"

Mbuke alikuwa amekaa kwenye kiti cha sindano, mkono wa gauni umekunjwa, tumbo la miezi saba limemtangulia. Alikuwa mke wa Masunga, mdogo wake Nyamizi.

"Nakodolea hilo tumbo. Ndugu yangu kakupa mapacha?"

"Ndugu yako? Huyu mmoja tu kamtoa jasho. Mshukuru mlimtibu mikono, la sivyo ningezeeka nikingoja."

Foleni ya wanawake mlangoni ikacheka. Nyamizi alichukua pamba, akachukua sindano. Mbuke alifungua pindo la khanga, akatoa kijiti cha udongo wa kijivu, akakiuma. Kru.

Nyamizi alikuwa ameisikia sauti ile maisha yake yote. Aliisikia kwa mama yake, kwa dada zake, ndani ya mdomo wake mwenyewe alipobeba mimba zake mbili. Hakuna mjamzito Nyamtondo asiyetafuna udongo, na hakuna anayeuliza kwa nini, kama ambavyo hakuna anayeuliza kwa nini mtu anapiga miayo.

"Mbuke, huo udongo uliuandika kwenye fomu?"

"Fomu iliuliza chakula." Mbuke alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Udongo ni chakula?"

"Unaupata wapi?"

"Si huu wa Ng'humbi, pale pembeni ya duara jipya. Ule wa zamani hauletwi tena siku hizi. Huu mlaini, wifi, unanukia kama mvua."

Duara jipya, shimo la kuchimbia dhahabu. Na mwamba unaozaa dhahabu mara nyingi huzaa na risasi.

Nyuma ya Mbuke walisimama wanawake tisa, na wanaume wa karasha, zile mashine za kusaga mwamba, na wazee. Skrini iliyokuwa ukutani iliandika jina la Mbuke kwa kijani: achomwe. Hapakuwa na sababu yoyote iliyoandikwa ya kutomchoma. Nyamizi alimchoma. Kisha akamwomba kipande cha udongo, na Mbuke akamvunjia akicheka, akisema uzee una hamu zake.

Baada ya saa moja kipima metali kilimwambia alichokwisha kukijua.

*

Daktari Byabato, mkuu wa kituo, alisoma karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Funga mlango, Bi Nyamizi."

Aliufunga.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Ukiandika hii, unajua kitakachotokea."

Alijua. Makabati ya Kinasa yalifungwa na kufunguliwa na Mdhibiti, mtambo wa makao makuu usio na mtu ndani yake. Taarifa ikiingia kwamba dawa imemdhuru mtoto mchanga, Mdhibiti habishani: hufunga makabati ya kanda nzima kwa siku arobaini, uchunguzi ufanyike. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu nzuri. Dawa nyingine, miaka ya nyuma, iliua watoto huku wakubwa wakiandikiana barua.

"Mwaka juzi daraja lilipokatika tulikaa siku tisa bila dawa," alisema Byabato. "Siku tisa tu."

Nyamizi hakuhitaji kukumbushwa. Zebaki ya miaka mingi hujificha kwenye mifupa na ubongo, ikivuja kidogo kidogo damuni. Kinasa kisipokuwapo kuipokea, hurudi kichwani kwa pamoja. Siku ya sita Masunga, aliyechoma dhahabu kwa miaka ishirini, alisimama kwenye uwanja wake mwenyewe akiuliza ile ni nyumba ya nani. Siku ya tisa mji ulikuwa umezika watu kumi na tisa.

"Tuwaondoe wajawazito peke yao," alisema.

"Ukimwondoa mmoja, Mdhibiti anataka sababu. Na ukimwondoa, mtoto anaepuka risasi, anakutwa na zebaki. Umemsaidia nini?"

"Basi tuwaambie kwa mdomo."

"Wanawake mia nne na kumi na wawili? Kabla ya magharibi mji mzima unajua, na kesho mkunga anaandika mwenyewe. Watu elfu kumi na moja, Bi Nyamizi." Alisema taratibu, bila ukali, hakuwa mtu mbaya. "Tatizo si Kinasa. Tatizo ni udongo. Udongo ukiachwa, risasi haipo. Risasi isipokuwapo, Kinasa ni kile kile cha jana. Tuwaambie udongo una minyoo. Hata si uongo. Udongo gani hauna minyoo?"

Nyamizi alimwona Masunga machoni pake, amesimama uwanjani. Akahisi nafuu kifuani, na nafuu hiyo ikamtia aibu.

"Wiki moja," alisema. "Halafu napima tena."

*

Tangazo lilipigwa kwa kipaza sauti siku tatu mfululizo, kituoni, sokoni na kwenye mialo ya kuoshea dhahabu. Udongo wa Ng'humbi una minyoo hatari kwa mama na mtoto. Nyamizi ndiye aliyelisoma, kwa kuwa sauti yake ilijulikana na iliaminika. Wanawake walisikiliza wametulia. Hakuna aliyebisha wala kucheka. Siku ya nne meza za wauza udongo zilikuwa tupu, na Byabato alimletea Nyamizi chai kwa mkono wake.

Jumanne iliyofuata aliichukua damu ya Mbuke. Kipima metali kikafanya kazi yake ya dakika kumi na moja.

Risasi ilikuwa imeongezeka mara mbili na zaidi.

Mbuke bado alikuwa nje, akipiga soga na wenzake kwenye benchi. Nyamizi alitoka na karatasi mkononi.

"Mbuke, si nilisema muache udongo?"

"Tumeacha, wifi. Ule mbichi hakuna anayeugusa." Akafungua pindo la khanga. Vijiti havikuwa tena vya kijivu; vilikuwa vyeusi-vyekundu, kama kingo za tofali lililoiva. "Huu umekaangwa. Mama Ng'washi kanunua kikaango cha chuma, anaukaanga mpaka unatoa cheche. Mnyoo gani utabaki hapo?"

"Ni mtamu kuliko wa kwanza," alisema mwanamke mwingine. "Unavunjika kama karanga."

"Na sasa mtu unakula bila wasiwasi," alisema wa tatu, naye mimba yake ilikuwa changa. "Zamani nilikuwa najizuia."

Nyamizi alichukua kijiti, akarudi ndani, akakiloweka kwenye tindikali hafifu iliyo sawa na ya tumboni. Udongo mbichi ulikuwa ukiachia risasi kidogo, kwa maana sehemu kubwa ilifungwa na salfa ndani ya chembe za mwamba. Moto ulikuwa umeichoma salfa hiyo na kuiacha risasi bila mshiko. Tumbo liliipokea yote. Ndani ya damu ilikutana na salfa nyingine, shanga tatu zilizokuwa zikingoja.

Wangekuwa wakaidi, wangedhurika nusu. Walikuwa wasikivu. Waliambiwa kuna minyoo, wakaiua minyoo.

Byabato aliposikia alivua miwani, akaiweka mezani. "Tangazo jingine," alisema. "Tuseme..."

"Tuseme nini, Daktari? Tukisema una sumu, watauosha. Tukisema una laana, watauombea. Kila uongo tutakaowapa watautafutia dawa, na wana akili, wataipata."

Daktari aliichukua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

*

Masunga alikuwa barazani kwake, cherehani mbele yake, kitambaa cha buluu cha sare za shule kimemwagika magotini. Tangu mikono itulie alikuwa fundi wa kukata kuliko wa kushona. Mkasi wake ulipita kwenye kitambaa bila chaki na watu walikuja kumtazama tu. Nyamizi alikaa kwenye kigoda. Mbuke alikaa mlangoni. Akawaeleza yote, kuanzia mtoto wa tatu, na hakuruka sehemu ya minyoo.

Mbuke alishika tumbo kwa mikono miwili. "Ulinichoma," alisema. "Siku ile ulijua, ukanichoma."

"Nilikuwa nashuku."

"Ukanichoma siku nane."

"Ndiyo."

Mbuke alitoa vijiti kwenye khanga, akavitupa uwanjani, akasugua vidole kwenye gauni kama vimeshika mafuta machafu.

"Umeshaandika?" aliuliza Masunga.

"Bado."

"Basi usiandike." Aliweka mkasi chini. "Huyu keshaacha, umemwona. Waambie na wengine, nyumba kwa nyumba. Mimi nitakwenda nawe."

"Tukifika nyumba ya kumi, taarifa itakuwa imeandikwa na mwingine. Na tukifanya kimya kimya, mama wa nyumba ya mia tatu atakuwa amekwisha kujifungua."

"Dada, unajua siku arobaini ni nini kwangu?"

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa unaniangalia kwa nje." Sauti yake haikupanda. "Kusahau hakuumi. Kinachouma ni kabla yake, siku ya tatu, ya nne, unapoona kitu kinaondoka na huwezi kukishika. Nilitazama kikombe, nikajua hiki nakijua, jina lake nalijua, na jina halikuja. Nikakaa na kikombe mpaka chai ikapoa. Siku tisa zilinitoa hivyo. Arobaini hazitanirudisha."

"Huenda uchunguzi ukaisha mapema."

"Usinidanganye kama ulivyowadanganya wanawake."

Nyamizi aliinamisha kichwa. Angeweza kusema kwamba alimlea, kwamba ndiye aliyembeba kutoka kwenye moshi wa vikaango na kumlaza kwenye kitanda cha kituo. Hakusema. Mtu haombwi afe ili alipe wema aliotendewa.

"Nimekuja kukwambia kabla," alisema. "Sikuja kukuomba ruhusa. Ningekuomba ruhusa ningekubebesha mzigo wangu. Ila sikutaka ukute kabati limefungwa usijue ni mimi."

Mbuke alikuwa amegeuka, anamtazama mumewe. Mtoto alicheza tumboni, gauni likainuka upande mmoja likashuka. Wote watatu waliona.

"Huyu anacheza," alisema Masunga.

"Anacheza," alisema Mbuke. "Bado."

Masunga alitazama lile tumbo, halafu akatazama rundo la kitambaa. Alianza kuhesabu mikunjo kwa kidole, midomo ikienda bila sauti.

"Hizi ni sare thelathini na nne," alisema. "Kushona, Mbuke anajua. Kukata hajui." Akachukua mkasi. "Andika kesho saa kumi. Mpaka hapo nitakuwa nimemaliza."

"Masunga."

"Nenda, dada. Unanizibia mwanga."

*

Kesho yake Nyamizi alifungua kituo mapema kuliko kawaida, akatuma wito watu waje asubuhi. Hakusema kwa nini. Wengi walikuja. Wachimbaji wa maduara ya mbali hawakuweza. Hao hufika saa kumi na nusu, siku zote, wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Wajawazito waliokuja aliwakalisha chumba cha ndani na kuwaambia ukweli wote, kwa mdomo wake, bila kipaza sauti. Alitegemea makelele. Walimsikiliza kama walivyomsikiliza juu ya minyoo, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba. Mmoja tu aliuliza, "Huu ndio wa mwisho, au kuna mwingine utakaotuambia wiki ijayo?"

Saa tisa na dakika hamsini Masunga aliingia. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge ya mkasi. Alikunja mkono wa shati, akakaa.

"Zote?" aliuliza Nyamizi.

"Thelathini na nne. Na kijigauni cha mtoto kutokana na mabaki. Kitakuwa cha buluu hata akiwa wa kike, atavumilia."

Alimchoma. Aliibonyeza pamba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaketi mbele ya skrini na kufungua taarifa. Dawa: Kinasa. Aliyedhurika: watoto wachanga wanne, wajawazito mia nne na kumi na wawili hatarini. Chanzo: risasi kutoka udongo unaoliwa, umbo la peptidi hubadilika ikishika risasi kwa salfa tatu, umbo hilo huvuka kondo la nyuma. Pendekezo: shanga ya tatu ya salfa iondolewe. Kwenye mistari hiyo vidole vyake vilikwenda haraka. Halafu Mdhibiti akauliza swali ambalo huuliza kila mtoa taarifa, na vidole vikasimama.

Ulijua tarehe ipi?

Angeandika tarehe ya leo, angebaki kazini. Na kituo kitakapofunguliwa, ikiwa kitafunguliwa, angekuwapo kumchoma mdogo wake kwa mkono wake. Angeandika ya Jumatatu ile, angeitwa kujieleza kwa siku tisa za kukaa kimya, na Byabato pamoja naye. Watoto kumi na wawili walikuwa wamezaliwa ndani ya siku hizo. Mmoja hakulia.

Masunga alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma polepole, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja kila neno kabla hajalimeza.

"Weka ya kweli," alisema. "Ile ya minyoo tumeshaona inakotufikisha."

Akaiandika ya Jumatatu. Akabonyeza.

Nyuma yao makabati manne yalijifunga moja baada ya jingine. Skrini ya ukutani ikafuta majina yote. Nje sauti zilikuwa zimeanza kusikika, watu wanapiga nguo mavumbi, mmoja anamtania mwenzake kwamba anaogopa sindano kuliko giza la duarani.

Nyamizi aliinuka. Masunga akamwekea mkono begani, akamrudisha kitini.

"Hao nitawaambia mimi," alisema. "Tulichoma dhahabu pamoja."

Akateremsha mkono wa shati, akaufunga kifungo, akatoka kwenda kwenye foleni.